Matela ya watoto haipimwi kwa miaka

Akina mama wa Luvungi wanaponionyesha mahali watoto wao wanapolala, karibu wote huanza na neno moja: "Muganga, hii matela haiyapasuka hata mahali." Wanasema kweli. Kitambaa ni kizima na mshono umekaza. Lakini matela ya eponji haifi kwa kupasuka. Huanza kufa ndani, kwa uzito wa wanaolala, kwa jasho, kwa mkojo na kwa joto la bonde la Ruzizi, ambalo pamoja na unyevu hulegeza eponji mapema kuliko kule milimani. Siku kitambaa kinapoachia, mara nyingi mtoto ameshalala juu ya mbao kwa muda mrefu.

Ipo kanuni inayosikika mara kwa mara, kwamba godoro libadilishwe kila baada ya miaka 7 hadi 10. Ilitoka katika nyumba ambamo mtu mmoja au wawili hulala juu ya godoro nene, ndani ya chumba kikavu. Kwetu watoto watatu au wanne hulala juu ya eponji ya sentimita 10, na mdogo wao bado anakojoa. Miaka haitatuambia kitu. Matela hii inapimwa kwa mkono.

Mtoto akishalala chali, penyeza mkono kati ya matela na mbao, kiganja kikiwa juu, mpaka ufike chini ya makalio yake. Usipousikia mwili wake, eponji ingali inafanya kazi. Ukiusikia mfupa, imekwisha, hata kama uliinunua mwaka jana. Wauguzi hutumia kipimo hicho kwa wagonjwa wanaolala muda mrefu na kuogopewa vidonda vya mgongo: eponji iliyobaki chini ya mwili ikiwa pungufu ya sentimita 2.5, hailindi tena. Asubuhi, vuta uzi kutoka ukingo mmoja wa matela hadi mwingine, uukaze, kisha upime shimo lililo chini yake katikati. Kwa matela nyembamba kama zetu, shimo la sentimita 3 linatosha kuihukumu.

Shimo hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ugumu. Mtoto mwepesi akilazwa kwenye matela iliyobonyea huteremka katikati. Mwenzake naye huteremka, na usiku kucha wanasukumana, mmoja amemlalia mwingine. Kwa mwenye miaka 6, hasara ni usingizi mbovu na kusinzia darasani. Kwa mtoto wa miezi 3 ni hatari ya kufa. Uso wake ukizama kwenye eponji laini au kwenye ubavu wa ndugu yake, hana nguvu ya kugeuza shingo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka alale chali, mahali tambarare na pagumu kidogo, bila mto, bila blanketi linaloweza kumfunika uso. Marekani walipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya vichanga vilipungua karibu nusu katika miaka michache. Najua kwetu kichanga hulala na mama yake, na mama hunyonyesha usiku. Basi awe upande wa mama peke yake, asiwe katikati ya kundi la watoto, na asilale karibu na mtu aliyekunywa pombe.

Hapa nafika kwenye desturi ninayotaka tuiache. Wazazi wanaponunua matela mpya, ile ya zamani huhamia chumba cha watoto. Tunaona ni busara: mtoto ni mwepesi, itamfaa. Lakini matela ile imeshachongwa na viuno viwili vya watu wazima, na shimo lake liko pale pale ambapo watoto watakusanyika. Kama hakuna fedha za kununua matela mbili, na mara nyingi hakuna, usiihamishe ilivyo. Ikate. Eponji huchoka kwanza chini ya viuno na mabega, huku sehemu ya miguuni ikibaki karibu nzima. Kisu kirefu chenye makali kinatosha. Ondoa kipande kilichobonyea, unganisha vipande vizima kwa gundi ya eponji, kisha uvishone ndani ya kitambaa kigumu. Matela itakuwa fupi, na kwa mtoto ufupi si kasoro. Wastani wa kimo cha mtoto wa miaka 5 ni kama sentimita 110. Akipata matela ya sentimita 130 ana nafasi ya kutosha.

Unaponunua mpya, usidanganywe na unene wala maua ya kitambaa. Eponji hununuliwa kwa uzito, na katika soko la Luvungi mizani haikosekani, maana mchele na maharage hupimwa pale pale. Chukua matela ya plasi mbili, yaani sentimita 140 kwa 190, yenye unene wa 15. Ujazo wake ni karibu mita 0.4 za ujazo. Ikiwa na kilo 6 tu, ni hewa iliyofungwa kwa kitambaa, na watoto wataimaliza haraka. Ikiwa na kilo 8 inawafaa watoto wadogo. Kwa vijana na watu wazima tafuta inayofika kilo 10 au zaidi. Plasi moja, 90 kwa 190 yenye unene wa 10, isipungue kilo 3 na nusu. Kitambaa huongeza uzito kidogo, ukikumbuke. Viko pia viwanda vinavyochanganya unga wa chokaa ndani ya eponji ili iwe nzito kwa bei ndogo. Kwa hiyo, baada ya mizani, bonyeza kwa ngumi, hesabu polepole hadi 30, uachie. Eponji nzuri hurudi mara moja, ile mbaya hubaki na alama ya ngumi. Fungua zipu kama ipo, usugue kwa kidole: ikitoa unga, iache.

Wengine wataniambia kwamba mbao tupu zinanyoosha mgongo. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake kule Hispania, kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu sana. Walikuwa watu wazima wagonjwa, si watoto, lakini sijaona sababu ya kumlaza mtoto mzima mahali ambapo hatungemlaza mgonjwa.

Sasa upana, ambao ndio swali ninaloulizwa zaidi. Vitanda vidogo vya watoto vya urefu wa sentimita 120 siwashauri wazazi wenye fedha chache, kwa sababu mtoto huvipita upesi na mbao zake hazifai tena. Mtoto akitoka kitanda cha mama aende moja kwa moja kwenye plasi moja au, pamoja na ndugu zake, kwenye plasi mbili. Na hapo kwenye plasi mbili kuna faida ambayo familia nyingi hazijaitumia. Watoto watatu wakilala kwa urefu wa kitanda, kila mmoja ana sentimita 47 tu za upana. Walaze kwa mapana, vichwa vyote upande mmoja: kila mmoja anapata 63. Wakiwa wanne kwa mapana, bado wana zile zile 47. Hilo linawezekana mpaka mkubwa wao afikie kimo cha sentimita 120, yaani karibu na miaka 7. Akishapita hapo miguu inaning'inia, na ni wakati wa kumtafutia plasi moja yake. Wavulana na wasichana wakikaribia miaka 10, nao hutenganishwa, kama wazee wetu walivyofanya.

Kabla ya kumpa fundi vipimo, pima chandarua. Huku malaria ndiyo inayotuwekea mipaka. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kwenye kampeni vina upana wa sentimita 180 na urefu wa 160 hadi 190, kimo chake 150. Kile cha 160 kina mzunguko wa sentimita 680. Plasi mbili ina mzunguko wa 660, kwa hiyo pindo linaingia chini ya matela, ingawa kwa shida kidogo. Kitanda cha upana wa 160, ambacho mafundi hupenda kukitengeneza kwa sababu kinapendeza, kina mzunguko wa 700. Chandarua hicho hakikizunguki, pembe moja itabaki wazi, na mbu haombi zaidi ya hapo. Vitanda viwili vya plasi moja vikisukumwa pamoja ni vibaya zaidi. Mtoto naye asilale akiugusa ukuta wa chandarua, maana mbu humuuma kupitia matundu. Ndiyo sababu ya kuacha nafasi pembeni.

Na kitanda kiwe na miguu. Matela iliyowekwa chini hunyonya unyevu wa udongo, lakini kuna jambo kubwa zaidi. Nyufa za sakafu ya udongo ndizo makao ya papasi, anayetoka usiku kunyonya damu na kuambukiza homa inayokwenda na kurudi. Joseph Everett Dutton, daktari wa Liverpool aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo ya wakati ule, alikufa kwayo Kasongo, Maniema, Februari 1905. Yupo pia funza wa vumbi la sakafu anayenyonya damu ya waliolala kwenye mkeka. Hawezi kupanda kitanda. Miguu ya sentimita 30 au 40 inatosha: ufagio unapita chini, na mtoto akianguka haumii sana. Kitanda cha ghorofa kinaokoa nafasi, ila juu asilale aliye chini ya miaka 6, na chini ya mabati yetu joto la huko juu si la mchezo. Mbao za kubeba matela ziachane sentimita 6 au 7 tu. Zikiachana zaidi, eponji hubonyea katikati yake hata ikiwa nzuri.

Mkojo usiwe sababu ya kumpiga mtoto. Kati ya wenye miaka 5, takribani 15 katika kila 100 bado wanakojoa kitandani, na wengi huacha wenyewe. Tandika plastiki nzito chini ya shuka, uizungushe na kuibana vizuri chini ya matela ili isilegee wala kumfunika mtoto uso. Matela ikilowa, kamua kwa kubonyeza, usiikunje, kisha ianike kwenye jua kali, juu ya miti au ukuta, ikiwa na kitambaa chake. Jua likiipiga eponji tupu huigeuza njano na kuimenya. Usiianike chini kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na nguo mbichi zenye harufu ya mkojo, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Shuka zipigwe pasi kama makaa yapo. Kunguni hujificha zaidi kwenye maungio ya kitanda kuliko ndani ya matela. Maji yanayochemka yamwagwe huko kwanza, tena yarudiwe baada ya wiki mbili, kwa ajili ya mayai.

Matela iliyozama katika maji ya mafuriko, kama zilivyozama nyingi Uvira Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, haioshwi. Maji yale yamepitia vyooni, na yaliyofika katikati ya eponji hakuna sabuni itakayoyafuata. Usiichome karibu na nyumba, kwa kuwa moshi wa eponji una sumu inayoua. Wala usiikatekate kuijaza mito. Iliyochoka tu, bila kuingiliwa na maji machafu, vipande vyake vizima vinafaa kukaliwa kwenye viti vya mbao.