Tabibu wa Nafsi si Kocha wa Maisha

Aliyepata kufika Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, hakosi kuifahamu Petite Barrière, yaani Kizuizi Kidogo, mahali wanapovuka waendao kwa miguu baina ya mji huo na Goma. Kwa miaka mingi kivuko hicho kimehesabiwa miongoni mwa vivuko vya mpaka vyenye watu wengi kuliko vyote barani Afrika. Asubuhi akina mama hupita na nyanya, kabeji na maziwa kuelekea mitaa ya Birere. Walemavu huvusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Na jioni kila mmoja hurejea kwake.

Lakini walinzi wa mpaka huo hawakushuhudia biashara peke yake. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma katika siku chache tu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu makambini. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipotema moto, watu wa Goma walikimbilia Rubavu na watoto wao mgongoni. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yaliangukia Rubavu yakaua raia. Askari aliyekuwa zamu siku kama hizo huvua sare afikapo nyumbani, lakini si kila alichokiona kinavuliwa pamoja na sare.

Mtu wa namna hiyo akitafuta msaada siku hizi hukutana na watu wa aina mbili. Yuko tabibu wa nafsi, na yuko yule ajiitaye kocha wa maisha. Wote wawili huketi nawe faraghani, wote huuliza maswali na kusikiliza, na wote huahidi kutunza siri. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kazi yao ni moja. Sivyo, na kosa la kuwachanganya laweza kugharimu maisha.

Tuanze na tabibu. Huyu ni mtu aliyesomea maradhi ya nafsi na akili, akapewa idhini ya kuyatibu. Aweza kuwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ana ruhusa ya kuandika dawa, au msaikolojia, ambaye hutibu zaidi kwa mazungumzo na mazoezi maalumu. Kazi yake ya kwanza ni kutambua ugonjwa, kisha kumsaidia mgonjwa kuukabili, hatua kwa hatua, bila kumlazimisha.

Wanajeshi wana sababu ya pekee ya kuijua historia ya tiba hii, kwa maana sehemu kubwa yake iliandikwa kwa mateso yao. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, tabibu Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari waliopoteza kumbukumbu, uwezo wa kuona na hata wa kuonja baada ya kupigwa na mishindo ya makombora. Makamanda wengi wa zama hizo waliwaona wagonjwa wa aina hiyo kuwa waoga tu. Mwaka 2006 Uingereza iliwapa msamaha askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita hivyo kwa makosa kama woga na kutoroka, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Ilikuwa mwaka 1980, miaka kadhaa baada ya vita vya Vietnam, ndipo madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa wa mshtuko wa nafsi katika kitabu chao cha kuainisha maradhi.

Nchini Rwanda wananchi waliupa ugonjwa huo jina lao wenyewe baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Waliuita ihahamuka, neno linalomaanisha hali ya mtu aliyekatikiwa pumzi kwa hofu, kana kwamba ameng'olewa mapafu. Daktari Naasson Munyandamutsa, aliyefariki mwaka 2016, alirejea kutoka Uswisi wakati ambapo nchi ilikuwa karibu haina daktari wa magonjwa ya akili, akawa mmoja wa waliojenga upya huduma hiyo. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchini humo mwaka 2018 ulionyesha kwamba, miongoni mwa manusura wa mauaji hayo, asilimia 27.9 walikuwa bado na ugonjwa huo wa mshtuko. Ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya wananchi walijua kuwa huduma za afya ya akili zipo, lakini waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3 tu.

Sasa tumtazame kocha. Asili ya neno lenyewe inaeleza kazi yake. Latokana na jina la kijiji cha Kocs, nchini Hungaria, kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walimwita kwa jina la gari hilo mwalimu aliyewavusha mitihani. Neno likahamia michezoni, na kutoka michezoni likaingia katika maisha ya kawaida. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey alitoa kitabu juu ya tenisi, akisema kwamba mpinzani mkubwa wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, alitoa kitabu kilichoeneza utaratibu wa maswali manne: Unataka kufika wapi? Uko wapi sasa? Zipo njia gani? Nawe utafanya nini?

Hayo ni maswali mema, na kocha hodari huleta faida. Hata hivyo, yanamhusu mtu aliye mzima. Kocha hakusomea kutambua ugonjwa wala kuutibu. Isitoshe, katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha wa maisha. Vipo vyama vinavyotoa vyeti, kama shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, lakini kujiunga navyo ni hiari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa polisi wawili wa kituo kimoja cha mpakani. Wa kwanza amebakiza miaka mitatu astaafu. Analala vizuri na nyumba yake ina amani, ila hajui kama afuge kuku au afungue duka, na kila mwezi anaahirisha kuweka akiba. Huyu na aende kwa kocha. Atasaidiwa kupanga, kujipimia hatua na kutimiza ahadi zake. Penye nia pana njia.

Wa pili, tangu siku ya makombora, hulala saa mbili tu. Mlango wa lori ukifungwa kwa kishindo, moyo humwenda mbio na jasho humtoka. Hupita njia ya mbali ili asione mahali fulani. Amekuwa mkali kwa wanawe, na chupa imekuwa dawa yake ya usingizi. Huyu akienda kwa kocha, ataambiwa aandike malengo, aamke alfajiri, ayasahau yaliyopita. Atajaribu, naye atashindwa, kwa sababu usingizi wa mgonjwa hauji kwa amri. Hapo juu ya ugonjwa itaongezeka aibu, naye ataamini kwamba tatizo ni udhaifu wa nia yake. Mtu aliyefika hapo, naye amekabidhiwa silaha, yu katika hatari kubwa; na pengine si yeye peke yake.

Kwani jeshini mambo si hivyo hivyo? Askari aliyevunjika mguu hapelekwi kwa mkufunzi wa gwaride ahimizwe kukimbia. Hupelekwa kwanza kwa daktari. Mfupa ukishaunga, ndipo mkufunzi humrudishia mbio zake. Vivyo hivyo, mtu mmoja aweza kuwahitaji wote wawili, lakini kwa zamu. Katika kituo cha Mutobo, wilayani Musanze, wapiganaji wa zamani waliorejea kutoka Kongo wamekuwa wakiandaliwa kwa maisha ya kiraia. Mafunzo ya namna hiyo yanakaribiana na kazi ya kocha. Lakini mpiganaji anayepiga kelele usingizini kila usiku, kabla ya kufundishwa ufundi, anahitaji tabibu.

Basi askari atajipimaje? Ikiwa ndoto za kutisha, kushtukashtuka, kukwepa kumbukumbu, hasira au ulevi vimedumu zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio, na vinamharibia kazi au nyumba, aende hospitali. Nchini Rwanda huduma za afya ya akili zimefikishwa katika hospitali za wilaya. Na kama wazo la kujiua limemjia, asingoje hata siku moja. Amwambie mwenzake, akabidhi silaha, apelekwe kwa daktari. Naye anayetaka kocha amuulize kwanza: Umejifunza wapi? Nani anakusimamia? Ukiona nina ugonjwa utanipeleka kwa nani? Akijibu kwamba yeye hutibu kila kitu, umwache.

Kwa makamanda tunasema hivi: siku 1 ya kumpeleka askari kwa tabibu ni rahisi kuliko kumzika. Askari akikujia akakwambia kwamba halali, usimwite mwoga na usimwandikie adhabu. Amefanya jambo linalohitaji ushujaa kuliko kusimama zamu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.