Shimo Halina Umri

Ukishuka kutoka Magwagwa, upande wa Wagusii, hadi mto Sondu, ukavuka, uko kwa Wakipsigis. Huko, na katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya kwa jumla, kuna miteremko yenye mabonyeo ya mviringo, kama ugali uliobonyezwa kwa kidole gumba. Upana wake ni mita 10 hadi 15 hivi. Wakalenjin, wakiwemo Wakipsigis, husimulia kuwa ni ya Wasirikwa, watu waliowatangulia.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mabonyeo ya aina hii Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Enzi hizo wengi walidhani watu waliishi shimoni humo. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia mwingine, John Sutton, alichimba mengine, likiwemo la Chemagel karibu na Sotik, si mbali na mpaka wa kaunti ya Nyamira. Jibu lilikuwa kwenye tuta lililo chini ya shimo, mbele ya mlango: samadi na matope yaliyokombwa na kutupwa nje mwaka baada ya mwaka. Lilikuwa zizi. Watu walilala pembeni, katika nyumba zilizoungana nalo. Mgusii aliyesimuliwa habari za egesarate, kambi ambako vijana walilinda ng'ombe wasiibwe na majirani (hao hao wa ng'ambo ya mto), angelikisia hilo bila kushika jembe.

Umri ndio mgumu. Shimo ni uwazi tu, na uwazi haupimwi. Kinachopimwa ni kilichoangukia humo. Kaboni 14 iliyo katika kipande cha mkaa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo mkaa wa mwaka 1300 umepoteza asilimia 8 tu hivi. Tena mkaa huonyesha mti ulikua lini, si moto uliwashwa lini. Kiini cha mti mzee huweza kudanganya kwa karne nzima. Vipimo vingi huyaweka mazizi haya kati ya mwaka 1200 na 1700 na kidogo, lakini kwa miaka 300 hivi iliyopita kipimo hicho huyumba, mkaa mmoja ukatoa majibu mawili au matatu.

Hapo mchimbaji hugeukia takataka. Kigae cha kiko kikitoka kwenye tuta, basi tabaka lile yaelekea si la kabla ya miaka ya 1500: kiko kwa kawaida ni cha tumbaku, na tumbaku ilitoka Amerika.