Chania, Mwisho wa Barabara ya Mlimani

Msafiri atokaye Njabini kwa motokaa kwenda Thika kwa njia ya Gatura huanzia penye baridi ya milima ya Nyandarua. Hupita msituni, kisha kwenye chai, na chini zaidi kwenye mikahawa. Mteremko ni mrefu. Dereva mwenye busara hushuka kwa gia ndogo asizichoshe breki.

Afikapo Thika husikia ngurumo. Ni mto Chania, uliozaliwa katika milima ile ile, ukiporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Mandhari yake hupendeza mno, lakini wakati wa masika maji huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo wa mashamba ya juu, hasa yasiyo na matuta, nao haurudi tena mlimani.