Serikali ikibana matumizi, mama lishe ndiye wa kwanza kujua

MAMA lishe mwenye banda nje ya ofisi ya halmashauri hasubiri hotuba ya bajeti ili ajue kwamba serikali imefunga mkanda. Anaona wali unabaki kwenye sufuria. Semina zimefutwa, posho za vikao hakuna, ofisa aliyekuwa akila kuku sasa anaulizia maharage, na ikifika tarehe 20 daftari la mikopo limejaa majina.

Kutoka kwenye banda hilo shida inasafiri haraka. Muuza mchele anapunguziwa oda, mwenye genge la nyanya anarudi nyumbani na tenga nusu, bodaboda anakosa abiria wa mchana, na mkulima aliyeko kilomita 60 kutoka hapo anaambiwa na mchuuzi kwamba wiki hii gari haliji.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi huamini kwamba mambo ya kubana matumizi yanawahusu watumishi wa serikali peke yao. Ukweli ni kwamba katika miji mingi ya wilaya, mshahara na posho ya mtumishi ndiyo fedha taslimu ya uhakika inayoingia kila mwezi. Ikipungua, soko zima linapungua.

Tumeyaona haya zaidi ya mara moja. Ruzuku ya unga wa sembe ilipoondolewa mwaka 1984, mshahara wa mfanyakazi wa Dar es Salaam ulikuwa hautoshi hata wiki mbili. Familia zilinusurika kwa miradi: kuku uani, ng'ombe wa maziwa, maandazi, bustani ya mchicha bondeni. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1983, ilikuwa imepitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo ilimfanya mchuuzi asiye na kibali aonekane mzururaji. Wachuuzi hao hao ndio walioilisha miji.

Ikafuata zamu ya mkulima. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi ikaisha kabisa msimu wa 1994/95. Wakulima wa mahindi wa Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa, waliokuwa wamezoea mbolea ya bei nafuu na bei moja ya mahindi nchi nzima, walijikuta wanalipa gharama kamili ya usafiri wa kuleta mbolea na kupeleka mazao.

Vyuma vilipokaza

Kipindi ambacho wengi wanakikumbuka ni kile kilichoanza Novemba 2015. Rais John Magufuli alizuia safari za nje zisizo za lazima, akataka vikao vifanyike katika kumbi za serikali badala ya hoteli, na sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka huo zikafutwa. Shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa kwa sherehe hizo zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 taasisi za umma zikatakiwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu kutoka benki za biashara. Watu wengi walishangilia, na kulikuwa na sababu ya kushangilia kwa sababu ubadhirifu ulikuwapo. Lakini benki zilizopoteza amana hizo, huku zikiwa na mikopo mingi isiyolipika, zilianza kuwa ngumu kukopesha. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uliokuwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2015, ulishuka hadi chini ya asilimia 2 mwishoni mwa mwaka 2017.

Baadhi ya hoteli za Dar es Salaam zilifungwa, nyingine zikageuzwa hosteli za wanafunzi. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Haki ya uamuzi huo ni mjadala mwingine. Kwa mwenye duka la mtaani, kila jina katika orodha ile lingeweza kuwa jina lililomo kwenye daftari lake. Mtaani watu wakaipa hali hiyo jina: vyuma vimekaza.

Tuseme pia upande wa pili. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa, hivyo mzazi wa shule ya kutwa akaokoa Sh20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na wa bweni Sh70,000. Mwaka huo huo kodi ya mshahara kwa kipato cha chini ilishushwa kutoka asilimia 11 hadi 9. Wapo waliopata na wapo waliopoteza, na familia nyingi zilipata na kupoteza kwa wakati mmoja.

Mwaka 2025 mkato ulitoka nje. Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake na kulifunga shirika la USAID, wafanyakazi wa miradi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walipoteza ajira. Nao walikuwa wapangaji wa nyumba, wanunuzi wa maziwa na wateja wa saluni.

Kwa nini faida inaisha mapema

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapojidanganya. Mtu anasema, mauzo yakishuka kwa asilimia 40, basi na faida yangu itashuka kwa asilimia 40, nitavumilia. Sivyo.

Chukua mfano wa mama lishe anayeuza sahani 60 kwa siku kwa Sh2,000 kila moja. Mchele, mafuta, mboga na kitoweo vinamgharimu Sh1,200 kwa sahani, kwa hiyo kila sahani inamwachia Sh800. Kodi ya banda, msaidizi, maji, mkaa na ushuru, ambavyo analipa hata wateja wasipokuja, ni Sh30,000 kwa siku. Akiuza sahani 60 anapata Sh48,000, anatoa Sh30,000, anabaki na Sh18,000.

Sasa wateja wapungue, auze sahani 35. Anapata Sh28,000, na bado anadaiwa zile Sh30,000. Amepata hasara ya Sh2,000. Mauzo yameshuka kwa asilimia 42 tu, lakini faida yote imekwisha na zaidi.

Balaa halijaisha, kwa sababu jioni anachomoa Sh10,000 za nyumbani kama alivyozoea. Mtaji wake unaliwa Sh12,000 kila siku. Kama alikuwa na mtaji wa Sh300,000, siku 25 za kazi zinatosha kuumaliza, na yeye atasema amerogwa.

Dawa ni kushambulia zile Sh30,000 mapema, wiki ya kwanza, si mwezi wa tatu. Msaidizi aje nusu siku. Banda ligawanywe na mwenzake anayeuza chai asubuhi. Mkaa ununuliwe kwa gunia, si kwa kopo. Akiweza kuzishusha hadi Sh18,000, sahani zile zile 35 zitamwachia Sh10,000 za nyumbani bila kugusa mtaji. Kuna wanaoongeza sahani ndogo ya wali na maharage kwa Sh1,500, kwani mteja aliyeacha kuku hajaacha kusikia njaa.

Hesabu hii unaweza kuifanya kwa duka la nguo, kinyozi au mashine ya kusaga. Tenga kinacholipwa hata usipouza, kisha gawa kwa kile unachobaki nacho kwa kila kipande. Kwa mama lishe wetu, Sh30,000 gawanya kwa Sh800 ni sahani 38. Chini ya hapo anafanya kazi ya bure. Kila mwenye biashara anapaswa kuijua namba yake kama anavyoijua namba ya simu.

Daftari na kausha damu

Mikopo ya mtaani inakwenda pande mbili. Kuna unayoidai na kuna unayodaiwa.

Kwa unayoidai, usisubiri mteja aanze kukukwepa. Mpunguzie kiwango, si heshima. Aliyekuwa akikopa hadi Sh80,000 kwa mwezi abaki na Sh30,000, na muelewane siku ya malipo ambayo ni siku ya mshahara, si siku inayofuata. Mwalimu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu, kiwango kilichoanza kutumika baada ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8, habaki na kingi baada ya makato mengine. Ni vizuri kujua mteja wako anabaki na nini kabla ya kumwandikia gunia la mchele.

Kwa unayodaiwa, tatizo ni ile mikopo ambayo kina mama wameipa jina la kausha damu. Unapewa Sh100,000 bila maswali, unarudisha Sh130,000 ndani ya mwezi, na dhamana ni friji au televisheni. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa Sh100,000 hiyo ni Sh3,500, si Sh30,000. Mkopeshaji akikataa kukuonyesha leseni, hilo ni jibu tosha.

Kikundi cha kuweka na kukopa kina nafuu, mradi kiwe kimesajiliwa na mahesabu yasomwe mbele ya wote. Ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, kwa hiyo usiifanye kuwa mpango wako wa pekee.

Mahindi si benki ya haraka

Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini huvuna Juni na Julai, wakati bei iko chini, lakini mahitaji yake makubwa ya fedha, yaani mbolea, sare na madaftari, huja kati ya Novemba na Januari. Akiuza yote Julai, fedha zitakuwa zimekwisha kabla ya mvua.

Na wakati mwingine soko lenyewe linafungwa. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, huku mavuno yakiwa mazuri. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao ndio mnunuzi wa serikali, hununua kwa kadiri ya fedha ulizopewa. Bei ikaanguka, na waliokuwa wamekopa pembejeo wakauza kwa hasara.

Njia ya busara ni kugawa mavuno kabla hayajatoka shambani. Familia ya watu sita itenge magunia sita au saba ya chakula, yasiyouzwa hata mgeni akija. Fungu la pili liuzwe mapema kulipa madeni. Fungu la tatu lisubiri, kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa. Mdudu huyo tangu aonekane Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 amekula mahindi mengi ya watu waliokuwa wakisubiri bei.

Kuhusu ruzuku, chukueni ikija. Agosti 2022 mfuko wa DAP ulishuka hadi kama Sh70,000 kutoka zaidi ya Sh130,000. Aliyenunua mifuko miwili aliokoa zaidi ya Sh120,000. Ni wachache walioiweka tofauti hiyo kando kwa ajili ya msimu ambao ruzuku haitakuwapo.

Ndani ya nyumba

Familia nyingi zikibanwa hukata chakula kwanza. Nyama inaondoka, kisha dagaa, kisha maharage, watoto wanabaki na ugali na majani. Wakati huo huo kadi ya mchango wa harusi ya Sh100,000 inalipwa bila kunung'unika kwa sababu watu watasema nini. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Sh20,000 na mikono ya kupika siku ya shughuli ni mchango pia, na mwenye harusi anayejua hali yako hatakasirika.

Jambo jingine ni siri. Baba anaficha kwamba posho imekatwa, mama anaficha kwamba mtaji umeliwa, na mtoto anaahidiwa shule ya kulipia. Kaeni mwisho wa mwezi mkiwa na karatasi moja, muandike kinachoingia kwa uhakika, si kinachotarajiwa. Posho isihesabiwe kabisa.

Ukiuza kwa serikali

Wapo wanaouza maharage, kuni na mboga kwa shule za bweni na magereza. Ni biashara nzuri mwaka wa kawaida, lakini matumizi yakibanwa, mzabuni ndiye anayesubiri, na kusubiri kwake kunaweza kuvuka mwaka wa fedha unaoishia Juni 30. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo asiyejisajili hana pa kuanzia. Usipeleke mzigo kwa neno la mdomo la mkuu wa jiko. Pata hati ya kuagizia mali, hati ya kupokelea mzigo yenye saini na mhuri, na nakala ya ankara yako iliyopokelewa. Usimpe mteja mmoja wa namna hiyo zaidi ya theluthi ya mzigo wako, na deni la muhula wa kwanza lisipolipwa, muhula wa pili upeleke kidogo.