Je, Yafaa Mtoto Kufuga Kinyonga?

Kinyonga si mgeni katika wilaya ya Kilosa. Huonekana juu ya mpera nyuma ya nyumba, katika ua wa michongoma, na kandokando ya mashamba ya mkonge. Na huko Mikumi huonekana akivuka barabara kuu kwa mwendo wake ule wa kusitasita, ilhali malori ya Iringa na Zambia yanamjia kwa kasi. Wako watoto wanaompiga mawe mara wamwonapo. Wako na wengine ambao humpandisha juu ya kijiti wakamleta nyumbani, wakamwomba mama au baba ruhusa ya kumfuga. Makala haya yanawahusu hao wa pili pamoja na wazazi wao, kwa kuwa swali lao ni la haki, nalo lastahili jibu bora kuliko lile la "Mtupe huko!" ambalo wengi wetu hulitoa bila ya kufikiri.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayotangulia katika nyumba nyingi. Kinyonga hana sumu. Akikasirika hujivimbisha, hutanua ngozi zilizo nyuma ya kichwa chake, akafumbua kinywa na kutoa mlio kama wa nyoka; lakini akiuma, jino lake halimdhuru mtu. Kusema kwamba kukutana naye njiani ni mkosi ni katika itikadi za ndege mbaya na nyota mbaya, ambazo Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alizikanusha. Na wanaotafuta hoja ya kumwua katika hadithi ya wazaghi wamemkosea mnyama: wazaghi ni yule tumwitaye mjusi kafiri, ama kinyonga Waarabu humwita hirbaa. Waarabu hao, tukiongeza kidogo, walimfanya kinyonga mfano wa mtu mwenye hadhari, kwa kuwa haliachi tawi moja mpaka awe amekwisha kulishika la pili.

Je, sheria ya dini yakataza kumweka kiumbe wa porini nyumbani? Yajulikana katika hadithi sahihi kwamba Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa mtoto mdogo mwenye kindege akichezea, na Mtume (S.A.W.) alimwona nacho wala hakumkemea. Kindege kilipokufa, Mtume alimwuliza mtoto habari zake kwa upole na mzaha ili kumliwaza. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyeishi katika karne ya nne ya Hijra, alitoa mafunzo zaidi ya sitini katika kisa hicho kifupi. Maulamaa wametwaa humo ruhusa ya kufuga ndege kwa sharti kwamba apewe haki yake ya chakula na maji na asiteswe. Mkabala wa hadithi hiyo iko ile ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Basi hukumu yetu imekaa baina ya hadithi hizi mbili, na swali limekuwa hili: mtoto anayeanza kufuga aweza kumpa kinyonga haki yake?

Hapa ndipo penye uzito. Kuku akiwa na njaa hulia, na njiwa akiugua hujikunyata kila mtu akamwona. Kinyonga hana sauti ya kumwita mwenye nyumba, na maradhi yake huyaficha mpaka yamefika mbali, kama wafanyavyo wanyama wengi wa porini wanaowindwa. Ishara yake kubwa ni rangi, nayo ndiyo wengi huisoma kinyume. Hudhaniwa kwamba hubadili rangi ili afanane na mahali aliposimama. Sivyo, hubadilika zaidi kwa joto na baridi, kwa mwanga, kwa hofu, na kwa kumwona mwenzake. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga mmoja wa Bukini (Madagascar) mna chembe ndogo mno mfano wa fuwele, na nafasi baina yao ikitanuka au kupungua, rangi ya mwanga unaorudishwa na ngozi hugeuka. Mtoto aliyemshika mkononi akaona ameingia weusi na mabaka, akashangilia na kuwaita wenziwe waje watazame, hajui kwamba aghalabu anashangilia khofu ya kiumbe.

Maji nayo ni mtihani. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia katika kibakuli. Hunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani. Aliyewekewa kikombe ndani ya sanduku aweza kufa kwa kiu, na kikombe kimejaa. Chakula chake ni wadudu walio hai, nzige, panzi, nzi na mfano wao, ambao huwanasa kwa ulimi ulio mrefu kuliko kiwiliwili chake. Wadudu hao hutakiwa wiki baada ya wiki, siku za shule na siku za mitihani, wala wasitoke katika shamba lililopigwa dawa. Jua pia ni katika chakula chake: akikosa mwanga wa jua wenyewe, na akikosa chokaa katika wadudu wake, mifupa yake hulegea akawa kama mtoto mwenye matege. Na kinyonga hupenda upweke. Wawili katika tundu moja ni ugomvi wa kudumu, hata kama hawapigani.

Ama jike, hatari yake haijulikani na wengi. Yule kinyonga wa kawaida wa nchi yetu hutaga mayai, mara nyingi baina ya 25 na 50, naye hushuka chini akachimba shimo ayafukie, na mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Akifungiwa mahali pasipo na udongo wa kuchimba, aweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yamwue. Ni watoto wangapi wa miaka kumi wawezao kumtambua jike mwenye mayai?

Tena iko sheria ya nchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imewaweka wanyama wa porini mikononi mwa Rais kwa amana ya wananchi wote, na mtu hana ruhusa ya kumkamata na kummiliki mmoja wao bila ya kibali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hakuna cha kutwaliwa kabisa. Vinyonga wetu waliwahi kusafirishwa kwa maelfu kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wala si vinyonga wote ni wa namna moja. Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, katika msitu wa Magombera, alipatikana kinyonga ambaye wataalamu walimtangaza kuwa ni wa aina mpya mwaka 2009, na mmoja wa vinyonga hao alijulikana baada ya nyoka aliyegutushwa kumtema! Milima ya Ukaguru na Rubeho nayo ina vinyonga wake. Mtoto aliyeokota kinyonga mlimani hajui ameokota nini.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba anayeanza asianze na kinyonga. Na aanze na njiwa, sungura au kuku wawili watatu, ambao kosa la siku moja halitawaua na ambao watamzoeza kuamka mapema kwa ajili ya mwingine. Kwa jamaa zetu walioko Uingereza na kwingineko, ambako kinyonga wa Yemen aliyezaliwa tunduni huuzwa dukani kwa kibali, neno ni hilo hilo, ila wao watahitaji na taa maalumu badala ya jua, daktari ajuaye wanyama wa jamii hiyo, na fedha za vyote viwili.

Lakini mzazi asimnyang'anye mtoto hamu yake. Jioni na amchukue kwa tochi mpaka kwenye mpera. Kinyonga hulala katika ncha za matawi membamba, na usiku rangi yake hufifia ikawa nyeupe nyeupe, hata mwanga wa tochi humdhihirisha upesi. Asiguswe. Mtoto aandike katika daftari tawi alilolalia, kisha atazame kesho kama amelirudia. Na akimkuta barabarani, autangulize mguu wake kijiti, amwache apande mwenyewe bila ya kuvutwa mkia, kisha amweke katika kichaka cha upande ule aliokuwa akiuelekea. Maana akirudishwa alikotoka, ataanza safari upya mbele ya malori yale yale.