Sare Moja Si Imani Moja

Neno "sare" katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana. Ni vazi la namna moja wanalovaa wanafunzi, na pia ni hali ya timu mbili kumaliza mchezo bila ya mshindi. Mimi nisomeshaye isimu huuona ujirani huo kuwa na funzo, kwani mabishano yetu kuhusu hijabu shuleni yamezuka kwa kudhani kwamba kufanana na kuwa sawa ni jambo moja.

Tuchukue kesi ya Isiolo, ambako wasichana Waislamu wa shule inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti walitaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilikubali, ikieleza kuwa kanuni moja kwa wote huweza kuwabagua baadhi yao hata ikiwa haiwataji. Mnamo Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo. Aghalabu husahaulika kwamba sababu ilikuwa ya utaratibu: ombi halikuwasilishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliamuru mwanafunzi wa Kirastafari aliyefukuzwa kwa ajili ya nywele zake apokewe tena shuleni.

Ufaransa ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2004 ilipiga marufuku alama bayana za dini katika shule za umma. Katiba yetu ya 2010 haina dini ya taifa, kama inavyotamka Ibara ya 8. Lakini Ibara ya 32 inamruhusu kila mtu kuidhihirisha imani yake. Serikali yetu, basi, haikuagizwa kuifukuza dini darasani, bali kutoipendelea yoyote.

Makanisa yaliyojenga shule nayo yana haki ya kusikizwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili jukumu la malezi ya kiroho, ila kwa sharti la kuilinda imani ya wengine. Mizani ni hiyo.

Hata hivyo, mahakama haiwezi kuamuru adabu. Twapenda kusema kwamba tunawavumilia wenzetu. Lakini mtu huvumilia njaa, maradhi na dhiki! Anayevumiliwa amekwisha kufanywa kero. Afadhali tuseme twawastahi.

Lugha yenyewe imetutangulia. Mkristo na Mwislamu waongeapo Kiswahili husema Mungu, imani, dhambi na malaika kwa maneno yale yale, japo mafundisho yao yanatofautiana. Hakuna aliyepoteza dini yake kwa kushirikiana msamiati.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kumfukuza msichana langoni, muulize: kitambaa hicho kimemzuia nani kusoma? Ikiwa hakuna, mwache aingie. Anayepoteza masomo ni yeye, wala si kanuni.