Rekodi za Antili Ndogo: Mlima wa Mauti, Mji Mkuu Usio na Watu na Uwanja wa Mita 400

Kutoka Anguilla kaskazini hadi Grenada kusini ni mwendo wa takriban kilomita 700, na katika nafasi hiyo visiwa vya Antili Ndogo vimejipanga kama upinde unaoielekea Bahari ya Atlantiki. Trinidad iko jirani nao na ni kubwa kuliko kila kimoja chao, lakini kwa miamba yake ni kipande cha Amerika ya Kusini, kwa hiyo hapa tunaiacha. Ikishatoka, ukubwa unachukuliwa na Guadeloupe, ambayo eneo lake linakaribia lile la Unguja. Vingine vyote ni vidogo zaidi.

Udogo huo haujavizuia kuingia katika vitabu vya rekodi. Nyingi ya rekodi zenyewe zina chanzo kimoja: sakafu ya Atlantiki inajipenyeza chini ya bamba la Karibi, takriban sentimita 2 kila mwaka. Ikishazama sana, maji yaliyonaswa katika miamba yake hupenya juu na kuufanya mwamba wa juu uyeyuke kwa urahisi zaidi, na uji huo wa moto hutafuta njia ya kutokea. Ndipo zikazaliwa volkano, safu moja ya kale iliyokwisha kuzimika na kufunikwa na chokaa, kama Antigua na Barbuda, na safu changa ambayo bado ina moto. Guadeloupe ndiyo inayoonyesha safu zote mbili kwa pamoja: Grande-Terre ni tambarare ya chokaa, Basse-Terre ni milima ya volkano, na katikati yake unapita mkono mwembamba wa bahari.

Kilele kirefu kuliko vyote kiko huko Basse-Terre. Ni La Grande Soufrière, mita 1,467. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo anayetaka kilele cha nchi iliyo huru atakwenda Dominica, kwenye Morne Diablotins wa mita 1,447. Tofauti ni mita 20 tu.

Mont Pelée wa Martinique ni wa tatu kwa urefu, lakini kwa vifo hauna mwenzake. Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1902, karibu saa mbili, ubavu wake ulitema wingu la gesi na majivu yenye joto kali, likateremka kwa kasi hadi mji wa Saint-Pierre. Ndani ya dakika chache watu wapatao 28,000 walikuwa wamekufa, gavana wa kisiwa akiwa miongoni mwao. Hakuna mlipuko wa volkano ulioua watu wengi zaidi katika karne yote ya 20. Na haukuja bila dalili: kwa wiki kadhaa majivu yalikuwa yakianguka mjini, na siku tatu kabla tope la moto lilikifukia kiwanda cha sukari kando ya mto. Siku moja tu kabla, volkano ya Soufrière katika kisiwa cha Saint Vincent ilikuwa imelipuka na kuua zaidi ya watu 1,500. Watu walijua kwamba mlima umeamka. Ambacho hakikueleweka vizuri wakati huo ni jinsi wingu la gesi na majivu ya moto linavyoweza kuangamiza mji bila lava kuufikia, na elimu hiyo ilipatikana Saint-Pierre kwa gharama ya mji mzima. Ndani ya mji alinusurika Ludger Sylbaris, mfungwa aliyekuwa katika chumba cha mawe chenye kuta nene. Alitolewa baada ya siku kadhaa, mwili umeungua, na baadaye akatembezwa Marekani na sarakasi ya Barnum & Bailey.

Montserrat, eneo la ng'ambo la Uingereza hadi leo, inashika rekodi ambayo hakuna taifa lingeitamani. Mji wake mkuu kisheria ni Plymouth, na Plymouth haina mkazi hata mmoja. Volkano ya Soufrière Hills iliamka Julai 1995. Watu wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena. Juni 1997 mlipuko ukaua watu 19, na mji ukazidi kuzikwa kwa majivu na tope. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa na watu wapatao 11,000. Wengi walihama moja kwa moja, na sasa hawafiki 5,000, wote wakiishi upande wa kaskazini.

Volkano nyingine haionekani kabisa. Kick-'em-Jenny iko chini ya maji, kilomita 8 kaskazini mwa Grenada, na ilijulikana mwaka 1939 ilipolipuka hadi juu ya uso wa bahari. Vyombo hukatazwa kuikaribia kwa kilomita moja na nusu, na inapochachamaa eneo hilo hupanuliwa hadi kilomita 5.

Barbados ni ya pekee kwa asili yake. Haimo katika upinde, na haikuzaliwa na volkano. Mchanga na tope vinavyokwanguliwa kutoka sakafu ya bahari inayozama vilirundikana hadi vikatokeza juu ya maji, kisha matumbawe yakavifunika.

Rekodi za udogo ni nyingi, na hapa nitachagua. Saint Kitts na Nevis, iliyopata uhuru mwaka 1983, ni nchi ndogo kuliko zote katika Amerika mbili, kwa eneo na kwa watu: kilomita za mraba 261. Saint Martin ni kisiwa kidogo kuliko vyote vyenye wakazi kilichogawanywa kati ya dola mbili; Ufaransa na Uholanzi zilikubaliana kuhusu mgawanyo huo mwaka 1648, na humo ndimo pekee zinamopakana kwa nchi kavu.

Lakini mimi naipenda zaidi Saba, kilomita za mraba 13 za mlima uliosimama baharini. Kilele chake, Mount Scenery, ndicho cha juu kuliko vyote vya Uholanzi, karibu mara tatu ya kilima kirefu kuliko vyote vya Uholanzi ya Ulaya. Zamani kila mzigo ulipandishwa kwa mabega kwenye ngazi mamia zilizochongwa katika jabali. Wahandisi wa Kiholanzi walisema barabara haiwezekani kujengwa huko. Josephus Lambert Hassell, mwenyeji wa kisiwa, akasoma uhandisi wa barabara kwa njia ya posta, na kuanzia mwaka 1938 yeye na wenzake wakaijenga kwa mikono, kwa takriban miaka 20. Barabara ile bado inatumika. Mwaka 1963 kikafunguliwa kiwanja cha ndege chenye njia ya mita 400, fupi kuliko zote duniani zinazopokea ndege za abiria za ratiba, na pande zake zote mbili zinaishia kwenye mteremko wa bahari.

Saint Lucia, yenye vilele pacha vya Pitons, ina washindi wawili wa Tuzo ya Nobel: Arthur Lewis katika uchumi mwaka 1979 na Derek Walcott katika fasihi mwaka 1992. Kwa nchi huru, hakuna yenye wengi zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Wote wawili walizaliwa tarehe 23 Januari.

Rekodi ya karibuni zaidi ililetwa na hali ya hewa. Kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Grenadines, tarehe 1 Julai 2024, kikaharibu karibu kila nyumba. Muda mfupi baadaye kikafika daraja la tano, mapema katika msimu kuliko kimbunga chochote cha Atlantiki kilichowahi kurekodiwa, kikiitangulia rekodi ya kimbunga Emily ya mwaka 2005 kwa takriban wiki mbili.